Nani Anashika Mapigo

Nilipoanza kupiga muziki peke yangu katika hoteli moja ya Karatu, watu waliniuliza sababu nami nikawa nageuza mazungumzo. Sababu ilikuwa fedha. Mwenye hoteli alitaka burudani ya jioni kwa wageni wanaolala pale kabla ya kuteremka Kreta ya Ngorongoro, ila malipo yalikuwa ya mtu mmoja. Nilikuwa na mpiga dramu, rafiki wa miaka mingi. Nikamwacha. Mahali pake nikaweka mashine mbili: sikwensa inayopanga midundo, na nyingine ya kukanyaga kwa mguu, inayonasa kipande cha gitaa na kukirudia papo hapo mpaka uizime.

Tatizo ni kwamba kila moja ilikuwa na saa yake. Midundo ikienda mapigo 120 kwa dakika, mizunguko minne ya mapigo manne manne huchukua sekunde 8 kamili. Mguu ukichelewa kidogo, kipande kikawa na sekunde 8.1, mara ya kwanza hakuna asikiaye kitu. Kikijirudia mara tano, kosa limefika nusu sekunde, yaani pigo zima. Jioni moja gitaa na ngoma viliachana kabisa, wageni wakanipigia makofi ya huruma. Makofi ya namna hiyo, msomaji, hayafichiki.

Nilihangaika wiki nzima, kisha nikameza aibu na kumfuata rafiki yangu, ambaye sasa anaendesha gari la watalii. Hakunilaumu, jambo lililoniuma zaidi. Alisikiliza mashine zikigombana, akauliza, “Kaka, kati ya hizi mbili, nani anashika mapigo?”

Sikuwa na jibu. Akanikumbusha vijana wa Kimaasai tuliowahi kuwasikia Ngorongoro. Olaranyani anaanzisha wimbo, wenzake wanaunguruma kwa koo, wakirudia yale yale bila kuchoka. Hakuna atazamaye saa, lakini kila mmoja anajua amsikilize nani.

Dawa ilikuwa waya. Tangu 1983 watengenezaji wa vinanda wana lugha yao moja, midi. Waya huo haubebi sauti hata kidogo. Unabeba amri tu: anza, simama, endelea, pamoja na ishara 24 za saa kwa kila pigo, kwa mwendo wangu, ishara 48 kila sekunde. Tulichomeka kutoka tundu la kutolea la sikwensa hadi tundu la kupokelea la ile ya mguu, tukaiamuru hii ya pili ifuate saa ya nje. Sasa nikikanyaga kabla ya wakati inasubiri mwanzo wa mzunguko, na kipande kinafungwa kwa mizunguko kamili. (Mashine nyingine za bei nafuu hazina tundu hilo, tazama kabla ya kulipa.)

Tulijaribu mpaka usiku. Muda wote alikuwa akigonga meza kwa vidole, mbele kidogo ya mashine, kama alivyokuwa akipiga siku zote. Nilikuwa nimeusahau mgongo huo wa wimbo.

“Jumamosi uje,” nikamwambia. “Tutagawana nusu kwa nusu.”

“Na hizi mashine?”

Nikanyamaza. Akachukua funguo zake, akasema saa kumi na mbili asubuhi anatakiwa awe na wageni kwenye lango la Loduare.