Nusu Saa ya Kumzunguka Bafe

Mzee aliyenifundisha kazi ya kupima ardhi tulimzika Januari kwenye ploti yake hapa Free Area, Nakuru, hatua chache kutoka bikoni aliyoipigilia kwa mkono wake. Siku moja kabla ya mazishi, vijana waliokuwa wakifyeka mahali pa kusimamisha hema waliinua mabati ya zamani wakamkuta bafe amejikunja. Panga zikainuka. Nikawaambia wamwache, wasogeze hema.

"Guka, huyu ni nyoka!"

Hema likasogezwa, lakini nilijua nikigeuka tu watamrudia. Nikavuta kiti cha plastiki, nikaketi pale hadi giza lilipoingia naye akaenda zake. Nikiwa kwenye kile kiti ndipo nilipoamua kuyaandika haya.

Nilizaliwa 1957, enzi za Hali ya Hatari, kwenye kambi ya vibarua ya shamba la mzungu upande wa Bahati. Shule niliiacha darasa la saba kwa kukosa karo. Mengine ya utoto hayana hadithi. Mwaka 1976 niliandikwa mshika cheni na mpima ardhi mmoja wa Nakuru mjini. Miaka hiyo kampuni za kununua mashamba, Ngwataniro miongoni mwao, zilikuwa zimeyachukua mashamba ya walowezi, na wanachama walikuwa wakingoja kuonyeshwa vipande vyao. Kutoka Lanet hadi Mbaruk tulipasua mistari ndani ya leleshwa, panga mkononi, fito za kulengea begani. Siku hizi kijana mmoja huja na kijiti kinachozungumza na setilaiti, akamaliza kabla ya chai ya saa nne. Sina ugomvi na kijiti. Ila hakijawahi kukutana na bafe.

Bafe, au kifutu, au moma, kutegemea umelelewa wapi, ni mnene kama mkono wa mtu na ana rangi ya majani makavu. Nyoka wengi wakisikia kishindo huondoka. Yeye hulala palepale akiamini hutamwona, na mara nyingi humwoni kweli. Wajukuu wamenionyesha kwenye simu nyoka wa Marekani mwenye njuga mkiani, anayekutikisia ujue yupo. Wetu hana njuga. Atafoka, ndiyo, kama tairi linalotolewa upepo, lakini pengine afoke wakati mguu umeshashuka. Hata harufu hana. Mwaka 2015 watafiti wa Afrika Kusini walieleza kwamba mbwa waliofunzwa kunusa walishindwa kumtambua bafe aliye hai. Niliposomewa hayo nilimwomba msamaha kimoyomoyo mbwa wetu wa kazini, ambaye nilimwita mvivu hadi akafa.

Mzee alikuwa na kanuni moja: bafe akilala juu ya mstari, mstari ndio unaohama. Anasimamisha kijiti chenye kitambaa chekundu, hatua tano kutoka kwa nyoka, kisha tunaanza hesabu. Unavuta cheni kwa vipimo vya tatu, nne na tano hadi pembe mraba ikubali. Unatoka pembeni futi thelathini, unageuka, unakwenda sambamba na mstari hadi umpite mwenye nyumba, unageuka tena, unarudi futi thelathini zilezile. Ukiwa makini utakuta umesimama juu ya mstari wako kana kwamba hukuwahi kuuacha. Ukizembea kwenye pembe ya kwanza, ploti ya mtu inakula ya jirani, na miaka ishirini baadaye watu wanapelekana kortini kwa ajili ya nyoka aliyekwisha kufa. Kazi hiyo ilichukua nusu saa.

Nusu saa hiyo ndiyo iliyoleta maneno. Mwaka 1983 tulipewa mpima ardhi kijana aliyetoka chuoni, viatu bado vinang'aa. Akatuona tunazunguka. "Nyoka mmoja, panga tano," akasema, "na mnapiga hesabu?" Mzee akamjibu kwa upole kwamba nyoka aliyelala hajamgusa mtu. Kijana akamwamuru mwenzangu. Mwenzangu alikuwa na watoto watatu na kibarua cha kulinda. Alimkata bafe vipande viwili kwa pigo moja, safi kabisa, tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Kisha akainama kuokota kile kichwa atuonyeshe meno.

Hakuna aliyetuambia kwamba kichwa kilichokatwa bado huuma. Tulimfunga kamba kwenye kifundo cha mkono tukidhani tunamsaidia, mtu akakimbia kutafuta jiwe jeusi, na hospitali tukaifikia jioni, mkono umevimba hadi kwenye kiwiko. Alipoteza vidole viwili. Cheni hakuishika tena. Nyinyi vijana mnaofyeka ploti za watu, sikieni: msifunge kamba, msichanje kwa wembe, msinyonye, mawe meusi watupieni mbuzi. Mlazeni mtu, mkono au mguu usitikisike, tafuteni gari! Gari! Siku hiyo kwenye kitabu cha vipimo iliandikwa kwamba tulicheleweshwa na "vichaka vizito". Nilikiona kwa macho yangu.

Lakini Mzee naye hakuwa sahihi kwa kila jambo, na sasa kwa kuwa hawezi kunikatiza nitasema. Kuna nyoka mdogo mwenye kijipembe juu ya kila jicho, hafiki nusu mita, hupenda mawe na leleshwa. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1932, na duniani kote anaishi Kenya tu, kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa. Mzee alimzunguka huyu pia. Mstari ulipokwisha, jembe likafuata, leleshwa ikaisha. Nilimwambia kwamba tunamwamkia nyoka mmoja mmoja huku tukigawa nyumba yake ekari kwa ekari. Alininyamazia siku mbili.

Tena kuna jambo la mama mmoja upande wa Mbaruk. Kwenye ploti yake tulimwacha bafe, tukasimamisha kijiti, tukaenda zetu. Mvua zilipoanza aliumwa mguuni akipalilia. Alipona, kwa kuchechemea. Kama ni yuleyule au mwingine, hakuna ajuaye. Nilikwenda kumpa pole. Akanikaribisha uji, akauliza, "Mlimwona?" Nikasema tulimwona. Hakukasirika. Aliuliza tu kile kitambaa chekundu kilikuwa cha nini, maana yeye alidhani ni alama ya mpaka, akawa anapanda mahindi kuanzia hapo ili asivuke kwa jirani.

Tangu siku hiyo sikuondoka kwenye ploti bila kumwambia mwenyewe nilichokiona na mahali nilipokiona. Mzee aliuita huo upuuzi: ukimwambia mtu, anarudi na petroli na kiberiti. Ilitokea kweli mara moja, moto ukala na boma la jirani. Akanikumbusha hilo kila Krismasi, na kila Krismasi nikamtajia yule mama.

Wiki iliyopita nilimkuta mjane wa Mzee ameyapanga yale mabati vizuri mahali palepale. Nilimwambia.

"Najua," akasema. "Panya wamepungua."