Picha nazo husomwa

Ndugu msomaji, yapo makosa ambayo mwandishi huyasahihisha katika toleo lifuatalo kwa mistari miwili, na jambo likaisha. Hili nitakalokusimulia leo si la namna hiyo, maana lilihusu mtoto anayeharisha na kijiko cha chumvi.

Kina mama wa kikundi kimoja cha Mbweni (Mbweni yetu hii ya Kinondoni, si ile ya Unguja) walikuwa na kijitabu cha malezi kilichoandikwa na muuguzi mstaafu. Maneno yake yalikuwa ya kweli tupu, lakini yamesongamana ukurasa mzima bila pumzi, hata wengi wakakipokea kwa heshima na kukiweka juu ya kabati. Kwa kuwa kazi yangu ni gazeti, wakanijia nikipange upya na kukitia picha. Nilikubali kwa furaha na, nakiri, kwa majivuno kidogo.

Chuoni nilikopata stashahada tulifundishwa kuugawa ukurasa kwa miraba kabla ya kuweka neno lolote. Ni elimu yenye heshima yake. Josef Müller-Brockmann wa Uswisi aliitungia kitabu kizima mwaka 1981. Basi kila ukurasa nikaupa miraba sita, yaani safu tatu zenye picha mbili mbili, moja juu na moja chini. Kijitabu kilipendeza.

Ukurasa wa 9 ulieleza namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari nyumbani, pale pakiti za ORS za zahanati zinapokosekana: maji safi na salama lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa juu, chumvi nusu kijiko cha chai. Hayo ni mambo matatu, na kukoroga ni la nne. Nami nilikuwa na miraba sita ya kujaza. Nikaona nitenganishe vipimo na vitu. Juu nikaweka chupa ya maji, vijiko sita, bakuli la sukari. Chini nikaweka nusu kijiko, bakuli la chumvi, mkono unaokoroga. Nikapiga chapa nakala 40, nikazigawa.

Jumapili iliyofuata nilirudi Mbweni kusikia sifa. Chini ya mwarobaini nikamwomba mama mmoja, mtoto wake wa miezi minane yuko mapajani, anisomee ukurasa ule kwa picha peke yake. Akaweka kidole kwenye chupa, kisha akakishusha. "Maji, halafu nusu kijiko." Akapanda safu ya pili. "Vijiko sita," akashuka tena, "vya chumvi."

Mwili ulinisisimka. Nikamwuliza kwa nini anashuka badala ya kwenda kulia. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi. "Kwani gazeti lenu halisomwi hivyo, dada?"

Alikuwa sahihi. Kwa mazoea ya chumba cha habari nilikuwa nimeacha nafasi pana baina ya safu na safu, na nafasi finyu baina ya picha ya juu na ya chini. Jicho huandama kilicho karibu. Na chumvi ya vijiko sita katika lita moja ya maji si kosa la kusamehewa na tumbo la mtoto: huweza kumtia degedege, hata kumwua.

Bibi mmoja aliyekuwa akichambua mchele pembeni naye akanyosha shingo. "Mwanangu, na hiki kijiko kilichovunjika ni cha nini?" Hicho ndicho kilikuwa nusu kijiko changu, nilikichora kimekatwa katikati. Tena mabakuli yangu mawili ya sukari na chumvi yalifanana kama pacha. Sikuwa na jibu.

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni 2 walijifunza katika vikundi, redio ikisema na kijitabu kikisomwa mbele ya kiongozi wa kikundi. Picha ikimpotosha mmoja, jirani alikuwapo wa kumrekebisha. Kijitabu changu kilikwenda nyumbani peke yake, kisomwe usiku, mtoto analia. Miaka ya 1950 Marie Neurath, bingwa wa picha za mafunzo, alisafiri kutoka Uingereza hadi Nigeria ya Magharibi ili awaone watu aliokuwa akiwachorea. Mimi Mbweni ni nauli ya daladala, na sikwenda mpaka baada ya kuchapa!

Ukurasa wa pili waliupanga kina mama wenyewe, mimi nikishika kalamu tu. Miraba sita ikafutwa, ikabaki mitatu mipana iliyofuatana kwenda chini, na kila kipimo kikakaa pamoja na kitu chake. Sukari ikachorwa katika mfuko wa dukani, vijiko sita vimepangwa mbele yake. Chumvi ikachorwa katika pakiti yake, mbele yake kijiko kimoja kizima, kisu kikiigawa chumvi na nusu yake ikirudishwa. Mama mmoja akasema kanga ina pindo na ina mji, lakini jina lake hakuna anayelitafuta lilipo. Basi onyo nalo likae hivyo. Tukaliweka chini, katikati, ndani ya fremu: "Onja kwanza. Yakizidi chumvi ya machozi, mwaga."

Tuliwajaribu watu kumi na wawili kabla ya kuchapa. Mmoja alikosea, tukakuza picha ya kijiko, tukaanza upya.

Nakala za kwanza nimezifuata nyumba kwa nyumba, Mbweni, Boko, hadi Bunju, nikiomba radhi kila mlango. Nimepata 37. Moja ilikwisha fungiwa karanga, kwa ushahidi wa mwenye karanga mwenyewe. Mbili sijui ziliko. Jalada lake ni la kijani, lina mchoro wa mama na mtoto, na halina fremu chini ya ukurasa wa 9. Ukiiona, ndugu msomaji, uchane ukurasa huo kabla hujaniletea.