Magurudumu Niliyoyasuka Kalemie

Gurudumu la kiwandani linapofika Kalemie huwa halijamalizika. Nimewaambia hivyo wateja wengi, hata vijana wanaoshinda karakanani kwangu wameshalijua neno hilo kwa moyo. Mashine huko lilikotoka imeingiza spoki, imezungusha nipeli, imenyoosha rimu mpaka haiyumbi machoni, kisha imelisukuma kando lipishe jingine. Kinachobaki ni kuzikaza spoki zote zivute kwa nguvu moja, kuzibana ili zikae vizuri kwenye matundu ya habu, na kukaza tena. Kazi hiyo huchukua muda, na mashine haina muda. Mnunuzi hupata kitu king'aacho, cha mviringo, kilichonyooka, akaamini amenunua gurudumu.

Mimi ni mtoto wa reli. Baba aliingia kazini enzi za kampuni ya reli ya CFL, Kalemie bado ikiitwa Albertville, akastaafu chini ya SNCC, shirika la reli la Kongo. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kutembea kando ya mabehewa yaliyosimama, mkononi nyundo ndogo yenye mpini mrefu, akigonga kila gurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima hulia sauti ndefu. Lenye ufa hutoa sauti fupi, kavu, inayokufa papo hapo. Nilipokuwa mdogo nilimfuata stesheni na kuona mtu akizuia behewa lisiondoke kwa sababu ya alichokisikia, wakati wakubwa zake wakitazama saa. Hakubishana nao. Aligonga tena, wakasikia wenyewe.

Nilirithi masikio yake, lakini sikurithi ajira. Nilijifunza baiskeli kwa mzee mmoja upande wa Lukuga. Alikuwa na meza moja, koleo, spana ya spoki iliyolika pembe, na uma wa zamani alioupigilia ukutani ili kunyooshea rimu. Kipande cha chaki kilichosogezwa karibu na rimu inayozunguka kiliandika palipovimba. Hapakuwa na kipimo kingine, na magurudumu yake yalidumu.

Kilichonifanya fundi wa magurudumu hasa, badala ya fundi wa kila kitu, ni vita. Agosti 1998 vilipofika Kalemie, reli ya kwenda Kabalo, iliyokamilika tangu 1915, ilikatika, na mzigo wa mabehewa ukahamia kwenye baiskeli. Mahindi na mawese vilitoka pande za Nyunzu. Chumvi, sabuni na ndagala waliokaushwa vilirudi huko. Mwenye baiskeli hakuipanda. Aliisukuma kwa miguu, fimbo moja imefungwa kwenye usukani ili aweze kuongoza, nyingine imesimamishwa nyuma ya kiti ili aweze kusukuma. Magunia yalilala juu ya kiti, mengine yalining'inia ubavuni. Familia nzima ilikula kutokana na magurudumu mawili, na lile la nyuma likivunjika porini mtu alibaki na mzigo, usiku, na kila kinachotembea usiku wakati wa vita.

Baiskeli zenyewe zilikuwa za China na India, Phoenix na nyinginezo, za inchi 28, spoki 32 mbele na 40 nyuma kama Waingereza walivyozipanga zamani. Nikaanza kuona jambo ambalo mwanzo lilinishangaza. Baiskeli iliyotoka kwenye boksi jana ilikatika spoki kabla ya ile kuukuu ambayo gurudumu lake limefumuliwa na kusukwa upya na mzee wangu wa Lukuga. Chuma ni kilekile, matundu ni yaleyale, na mzigo ni uleule.

Jibu kamili nililipata baadaye, katika kitabu. Afisa mmoja wa MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa, aliyependa baiskeli alikuwa nacho: *The Bicycle Wheel* cha Jobst Brandt, mhandisi wa Marekani, kilichochapishwa 1981. Nilikisoma polepole, kamusi pembeni, naye akinisaidia. Brandt anaeleza kwamba spoki zote huvutwa tangu gurudumu linaposukwa, na uzito unapolikalia, zile za chini, zinazoelekea ardhini, hulegea kidogo, kisha hurudi kuvutika zikishapita. Mzunguko mmoja, kulegea mara moja. Kama zilikazwa vya kutosha, hata zikilegea hubaki zimevutika, na hazisumbuki. Kama zilikazwa kidogo, hulegea kabisa, zikacheza kwenye tundu, nipeli ikajifungua yenyewe, na waya ukapinda na kunyooka pale kwenye kiwiko, karibu na habu, mpaka ukachoka. Ndiyo maana spoki nyingi nilizopata kuzitoa zimekatikia kiwikoni. Watu hudhani spoki hukatika kwa kukazwa mno, na dereva wa baiskeli akikatikiwa humwambia fundi, "Legeza kidogo, Papa." Nimepigana na sentensi hiyo maisha yangu yote.

Waya kubeba mzigo kwa kuvutwa si jambo la jana. Eugène Meyer wa Paris alipata hataza ya gurudumu la namna hiyo 1869, na 1874 Mwingereza James Starley akazilaza spoki ziende upande wa habu badala ya kusimama wima, ili nguvu ya pedali ifike kwenye rimu bila kuipinda habu. Tangu hapo mpango ni uleule. Katika gurudumu la spoki 36 navusha kila spoki juu ya nyingine mbili na kuipitisha chini ya ya tatu. Hapo zinapokutana zinabanana, na mshtuko wa moja unagawanywa na mwenzake. Tundu la vali naliacha katikati ya spoki mbili zilizosimama sambamba, la sivyo pampu haiingii. Ni jambo dogo, lakini kwenye gurudumu la mtu mwingine ndilo la kwanza ninalotazama, kwa kuwa aliyelisahau kasahau na mengine.

Kisha kukaza. Naweka tone la mafuta kwenye uzi wa kila nipeli na kuzungusha nusu nusu, duru nzima, bila kuharakia palipoyumba. Spoki nyembamba ina tabia ya kujisokota pamoja na nipeli, kwa hiyo napitiliza kidogo na kurudi nyuma. Halafu nashika spoki mbili mbili zilizo sambamba, kila upande, nazibana kwa viganja kwa nguvu zangu zote. Gurudumu hulia kwa sauti ndogo ndogo za vitu vinavyojipanga. Rimu iliyokuwa imenyooka inayumba tena, naanza upya. Nikishamaliza, napitisha ukucha kwenye spoki zote za upande mmoja. Sauti zikilingana, nguvu zinalingana. Baba alipokuja karakanani uzeeni aliinamisha kichwa kwa ajili ya sehemu hiyo tu.

Baiskeli za mbio zilifika taratibu. Zilitoka Ulaya zikiwa zimetumika, zikashushwa Dar es Salaam, zikafika Kigoma kwa reli, zikavuka Ziwa Tanganyika pamoja na rangi za nyumba na vyombo vya plastiki. Vijana wa hapa wakazipenda kwa mapenzi ya kweli. Lami yetu ni fupi: ukiiacha avenue Lumumba na ndugu zake wachache unaingia kwenye udongo mwekundu, mawe na mchanga, na ukielekea Bendera unapata vyote vitatu ndani ya kona moja. Lakini alfajiri wanatoka, wameinama juu ya usukani, na mimi nawaelewa.

Mmoja wao aliniletea baiskeli yenye gurudumu la nyuma la kiwandani, zuri kwa kweli. Rimu pana, spoki 20 zilizobanwa zikawa bapa ili zikate upepo, hazina kiwiko, zinaingia kwenye habu moja kwa moja. Moja ilikuwa imekatika, na rimu ilikuwa imekimbilia upande mpaka tairi linakwaruza fremu. Hapo ndipo nilipomweleza hesabu ya spoki. Gurudumu la 36 likipoteza moja, wenzake 35 wanaubeba msiba na mtu anafika nyumbani. La 20 likipoteza moja, hafiki.

"Papa, hawa wa Tour de France mbona wanazitumia?"

"Mwanangu, nyuma ya kila mmoja wao kuna gari."

Nilimwonyesha picha. Kuanzia 1973 magari ya manjano ya Mavic ya Ufaransa yalifuata wapanda baiskeli kwenye mashindano makubwa, yamebeba magurudumu ya akiba juu ya paa. Siku hizi kwenye Tour de France kazi hiyo inafanywa na Shimano. Mavic haohao ndio waliotoa Helium mwaka 1996, mojawapo ya magurudumu ya kwanza ya mbio kuuzwa yakiwa yamekamilika, habu, spoki na rimu vimebuniwa pamoja. Kabla yake timu ilinunua rimu kwa huyu, habu kwa yule, na fundi wake akasuka. Ubunifu wa pamoja ulileta wepesi na kasi ambavyo sina haki ya kuvikana. Septemba 2025 tulikusanyika mbele ya skrini kutazama mashindano ya dunia ya Kigali, ya kwanza kufanyika Afrika: wanaume walikwenda kilomita 267.5, wakapanda na kupanda tena mawe ya Kimihurura, Tadej Pogačar akashinda, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Kwa mbio kama zile, na fundi anayekungoja na gurudumu jingine mkononi, ningechagua la kiwandani mimi mwenyewe.

Ila kijana wangu hana gari nyuma. Spoki ya aina ile haikuwepo Kalemie, wala Lubumbashi alikopiga simu. Na gurudumu la nyuma la baiskeli ya mbio lina tatizo ambalo baiskeli ya mzigo hailijui. Baiskeli ya mzigo ina gia moja, kwa hiyo spoki za kulia na kushoto zinavuta karibu sawa. Ile ya mbio imerundika gia upande wa kulia, habu ikasogezwa ili kuzipa nafasi, na spoki za kulia zinasimama karibu wima. Ili rimu ikae katikati, za kulia lazima zikazwe sana, za kushoto zinabaki na kama nusu ya nguvu hiyo, au zaidi kidogo. Hizo za kushoto ndizo zinazolegea barabarani. Ukipunguza idadi ya spoki, kila moja inabeba zaidi, na ukilipeleka gurudumu hilo kwenye mawe ya njia ya Bendera unaomba likuangushe.

Tulikaa na jambo hilo muda mrefu, kwa sababu fedha zilikuwa zake na alizipata kwa kuuza vocha za simu. Uzito ulimsumbua. Nilimwambia ukweli: nitakalosuka litakuwa zito zaidi, na kwenye upepo wa ziwa atalisikia. Mwishowe hatukuchagua upande mmoja. Gurudumu la mbele la kiwandani tuliliacha. La mbele halina gia, pande zake zinalingana, uzito mwingi wa mwendeshaji hauko juu yake, na halivutwi na mnyororo. Nililikaza upya lote, maana ukucha ulinionyesha spoki jirani zikitoa sauti ambazo hazikuwa na undugu. La nyuma nikalisuka: habu ya Shimano iliyotumika, rimu ya alumini ya matundu 32 kutoka Dar, spoki za chuma za milimita 2 zinazopatikana hata soko la Kigoma, kila moja ikiwavuka wenzake watatu.

Alirudi baada ya mvua kubwa, gurudumu limejaa tope, akaliweka mezani bila kusema kitu. Nikapitisha ukucha. Upande wa kushoto spoki moja ilikuwa imeshuka sauti kidogo. Nikaipa robo ya mzunguko. Nyingine zote zilikuwa pale nilipoziacha.

Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipopanda na kuingia kwenye nyumba za ufukweni, nililetewa habu kwa magunia, golori zimelala ndani ya mchanga. Habu za kawaida nilizifungua, nikaziosha, nikazitia grisi na kuzirudisha barabarani. Za kiwandani zilizofungwa kwa beringi za namba ambazo hakuna anayeziuza hapa bado ziko kwenye rafu, zimefungwa vitambaa vyenye majina ya wenyewe. Zinaniuma kila nikizitazama, kwa kuwa ni kazi nzuri ya watu wanaojua kazi. Hata viwanda vya bei ya juu, mwishoni kabisa, huwaweka watu wakaze spoki kwa mikono. Walichokosa ni kufikiria mtu anayeishi upande huu wa ziwa.

Sasa wapanda baiskeli wengine wamenijia na swali lilelile, na wote nawajibu kwa kuwauliza: utapanda wapi, na likivunjika nani atakuwa karibu? Anayetaka la kiwandani simkatazi. Namwagiza anunue siku hiyohiyo spoki za akiba za urefu wa kulia na wa kushoto, nipeli zake, na spana inayoziingia, kwa sababu spana yangu haiingii kwenye nyingi za hizo. Akishavileta vyote, nalifungua gurudumu na kulimalizia. Asiyevileta namrudisha akavitafute kwanza.