Moja Husema, Moja Hunyamaa

Usawa haupatikani kwa kugawa tu. Wakati mwingine mwenye viwili hutakiwa kukifunika kimoja ili alingane na mwenye kimoja. Sheria hii haikutungwa barazani. Imo katika mwili wa kila mwanamke, nayo ilianza kutumika kabla hajazaliwa.

Jike la mnyama anyonyeshaye hurithi kromosomu mbili za X, moja kwa mama na moja kwa baba. Dume hurithi X moja na Y ndogo. X ya binadamu hubeba jeni za protini zipatazo 800. Kama X zote mbili zingefanya kazi kwa nguvu moja, kiinitete cha kike kingelemewa na wingi wake chenyewe.

Mwaka 1949 Murray Barr na Ewart Bertram, nchini Kanada, waliona doa jeusi ndani ya seli za neva za paka jike. Paka dume hakuwa nalo. Mwaka 1961 Mary Lyon, aliyekuwa akichunguza panya huko Harwell, Uingereza, alilifumbua fumbo. Alisema kuwa katika kila seli ya jike X moja hunyamazishwa, ama ya baba ama ya mama, na uzao wote wa seli ile hufuata uamuzi uleule. Ndiyo maana paka jike aweza kuwa na mabaka ya machungwa na meusi: baka moja ni la X ya mama, jingine ni la X ya baba.

Kura hii hupigwaje? Katika panya, X ya baba hunyamaa kwanza, kiinitete kikiwa bado na seli chache. Katika seli zitakazojenga kondo la nyuma hubaki kimya. Lakini katika zile zitakazokuwa mwili wenyewe huamshwa tena, kisha yapata siku ya 5 au ya 6 ya mimba kura hupigwa upya pasipo upendeleo. Mtendaji mkuu ni jeni iitwayo Xist, iliyogunduliwa mwaka 1991. Jeni hii haizai protini; huzaa uzi wa RNA wenye herufi 17,000 hivi, nao huitandaa kromosomu ileile ulikotoka. Kromosomu hujifumia sanda yake yenyewe. Protini kama SPEN huja kuzizima jeni zake, na alama nyingine huwekwa ili kimya kile kikumbukwe kila seli igawanyikapo. Protini nyingine, RNF12, hutokana na X yenyewe: X mbili zikisema, hutosha kuiamsha Xist, moja ikinyamaa, kiasi chake hupungua, na ya pili husalimika.

Kura hii yaweza kuwa ya afya au maradhi. Mwanamke aliyerithi X moja yenye kasoro ya ugonjwa wa misuli uitwao Duchenne kwa kawaida huwa mzima, kwa kuwa seli nyingi huitumia X njema. Hata hivyo imewahi kuonekana kwamba katika mapacha wa kike wa kufanana, wenye urithi mmoja, mmoja aliugua na mwenzake akawa mzima. Jamaa watafutao wa kulaumiwa hapa hawatampata. Mama hakumbagua mtoto wala baba hakumnyima. Kura ilianguka hivyo katika seli chache, kabla tumbo halijajulikana kuwa lina mtoto.

Wala kimya hicho si kifo. Katika seli zitakazokuwa mayai ya uzazi, X iliyonyamazishwa huamshwa, ikapata nafasi sawa ya kurithishwa. Iliyonyamaa kwa mama yaweza kusema kwa mwana, na kwa mwana wa kiume husema peke yake, hakuna ya pili ya kumsitiri. Basi mwenye kumwona mwanamke mzima na mwanawe mgonjwa asiseme kuwa mama alijiponya akamtupia mtoto. Mama alisitiriwa na kura asiyoipiga yeye. Mtoto hakuwa na kura.