Theluji ya Ncha Nane

Mapambo ya Krismasi yameletwa kanisani: theluji za karatasi, kila moja ncha nane. Nikasema hizo hazitundikwi madhabahuni. Kijana mmoja akaniuliza, "Pasta, Mkwiro hii nani ameona theluji?"

Kweli, sisi tunajua barafu ya kuwekea samaki tu. Lakini mgeni akituchorea pweza wa minyiri sita tutamcheka, maana pweza tunamjua. Na theluji anaijua Aliyeiumba. Soma Ayubu 38:22 uone anavyomhoji Ayubu kuhusu ghala zake. Maji yakiganda, chembe zake hushikana kwa pembe sita, ndipo theluji huchipua ncha sita. Wilson Bentley wa Vermont, Marekani, alianza kuzipiga picha mwaka 1885, akapata zaidi ya 5,000. Zenye ncha 3 au 12 zipo, mara chache. Nane hakuna.

Shida iko kwenye kukunja. Ukikunja nusu kwa nusu tu, utapata nne au nane. Vijana, Jumamosi njooni na mikasi. Kunja karatasi katikati, kisha sehemu tatu sawa, kisha katikati tena, ndipo ukate.