Je, Umeiona Mwenyewe?



Liko neno dogo tulisemalo kila siku bila ya kulifikiri, nalo ni hili: "Filamu ile ni nzuri." Na liko ndugu yake: "Filamu ile ni mbaya, msiiangalie." Maneno haya twayasema dukani, twayasema safarini, twayasema barazani baada ya sala ya Alasiri, tena kwa wepesi kama mtu asemaye kwamba leo kuna baridi. Mimi nami nilikuwa miongoni mwa wasemaji hao, tena hodari, mpaka siku neno langu lilipomnyima mtoto usingizi. Kisa chenyewe ni cha aibu kwangu, walakini nakieleza kwa kuwa sidhani kwamba ni mimi peke yangu niliye na kisa cha namna hii.

Mimi nakaa Mbeya, si mbali na Soko Matola. Dada yangu anifuataye kwa kuzaliwa ameolewa Iringa, na nyumba yao iko upande wa Mlandege. Miji yetu hii miwili ni ya baridi. Ifikapo Juni na Julai watu hufunga milango mapema, wakajifunika mablanketi, na hapo televisheni huwa ndiyo mgeni wa kila usiku.

Wazee wetu hawakuwa na mgeni huyu. Zanzibar ilipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara vituo vya televisheni havikuanza mpaka mwaka 1994, na sisi wa Nyanda za Juu tulingoja zaidi. Kabla ya hapo, na hata baadaye, palikuwa na kanda za video na vibanda vyake, ambamo kijana alilipa senti zake akakaa juu ya benchi. Huko ndiko walikosikika wasimulizi wakizifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili, na aliyepata sifa kubwa katika kazi hiyo alikuwa Derek Mukandala wa Dar es Salaam, aliyeitwa Lufufu. Msimulizi wa namna hiyo hakufasiri tu, bali aliongeza ya kwake, akamsifu huyu na kumcheka yule, hata mtazamaji akatoka pale akidhani kwamba maoni aliyoyasikia ni maoni yake mwenyewe. Kisha zikaja filamu za Bongo, ambazo nyingi hazikupita katika majumba ya senema, bali zilitoka moja kwa moja katika CD za kuangaliwa nyumbani, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila moja kwa bei yake. Marehemu Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012, alijulikana majumbani mwetu kama jirani. Leo viko ving'amuzi, na iko simu mkononi mwa kijana.

Nimeyataja haya kwa sababu moja. Senema ya zamani ilikuwa na mlango, na mlangoni palikuwa na mtu wa kumrudisha mtoto. Sheria nayo tunayo tangu mwaka 1976, ya filamu na michezo ya kuigiza, na iko Bodi ya kuzikagua filamu na kuzipangia umri. Lakini filamu ikishaingia nyumbani, bawabu ni mzazi; na mzazi asiyepata nafasi ya kuiona filamu hutegemea neno la yule anayesema ameiona. Hapo ndipo maoni ya mtazamaji yanapokuwa mazito kuliko tunavyodhani.

Basi, sikiliza kisa changu. Waturuki walitengeneza tamthilia ndefu juu ya maisha ya Sultani Suleiman, iliyooneshwa kwao tangu mwaka 2011 hadi 2014. Baadaye ilifika kwetu kwa sauti za Kiswahili, kwa jina la *Sultan*, na ikawa ndiyo mazungumzo ya kila nyumba. Jioni moja dada yangu akanipigia simu.

"Kaka, watoto wananisumbua, wataka kuiangalia *Sultan*. Wewe umeiona? Yafaa?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekaa sebuleni kwa jirani muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Niliona vilemba, niliona minara ya misikiti, nikasikia majina ya Suleiman na Ibrahim. Nikamjibu kwa sauti ya mtu ajuaye: "Naam, nimeiona. Ni mambo ya dola ya Kiislamu. Waache waangalie, watajifunza tarikhi."

Miezi ikapita, nikapata safari ya kwenda Iringa. Basi lilipokwisha kupita Uyole, utingo akawasha televisheni iliyo mbele, ikaanza filamu moja ya kwetu. Karibu nami alikaa bwana mmoja ambaye alilala usingizi tangu Igawa, akakoroma Makambako yote, na tulipofika Mafinga akaamka, akatazama dakika mbili, akatugeukia na kusema: "Filamu hii haina maana hata kidogo." Abiria wakacheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote. Sikujua kwamba nacheka habari zangu.

Nilipofika Mlandege nilipokewa vizuri, nikala, nikasali, lakini nikaona kwamba mpwa wangu wa kike, mtoto wa miaka tisa aliyezoea kunirukia, amekaa nyuma ya mama yake. Usiku dada akanieleza. Mtoto yule hakulala peke yake kwa wiki tatu. Katika tamthilia ile alikuwa amefika mahali ambapo Sultani anamwita mwanawe Mustafa hemani kwake, na kijana anaingia kwa mapenzi na heshima, na ndani wanamngoja watu wa kumnyonga kwa amri ya baba yake. Jambo hilo si la kubuniwa. Mustafa aliuawa hivyo mwaka 1553. Lakini mtoto wa miaka tisa ana nini na mambo ya mwaka 1553? Yeye alichokiona ni baba na mwana. Tangu siku ile baba yake akimwita chumbani, hutetemeka.

Asubuhi yake akanijia mwenyewe, akaniuliza taratibu: "Mjomba, baba akikasirika sana, naye anaweza kufanya vile?"

Nilimjibu nilivyoweza, nikamkalisha karibu nami. Dada yangu alikuwa mlangoni, na yeye hakunigombeza. Alisema tu: "Kaka, ulisema umeiona."

Nikamwambia, "Sikuiona."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Lau ungeniambia hivyo siku ile, ningeiangalia mimi kwanza."

Ndugu msomaji, katika maneno hayo ya dada yangu ndimo ulimo mzigo wote wa makala haya. Yeye hakutaka kwangu elimu ya senema. Alitaka ushahidi. Anayesema "nimeiona, yafaa" ni shahidi, na shahidi asiyeona twamjua jina lake. Dini yetu imetuonya sana juu ya kuyafuata tusiyoyajua, na kwamba macho na masikio tuliyopewa tutaulizwa juu yake. Nilikuwa nikidhani onyo hilo ni la mahakamani na la mambo makubwa. Sikulitia katika simu ya jioni kati ya ndugu wawili. Wala lawama haikuwa ya tamthilia, ambayo haikutengenezwa kwa mtoto wa miaka tisa. Lawama ilikuwa yangu.

Niliporudi Mbeya nilikaa nikaiangalia sehemu nyingi za ile *Sultan*, na leo naweza kutoa maoni yangu bila ya kuona haya. Ni hadithi ya wivu, vitimbi na mapenzi ya jumba la kifalme, iliyoshonwa juu ya watu wa kweli. Mavazi yake yapendeza, na wasemaji wa Kiswahili waliifanya kazi yao vizuri. Lakini si darasa la tarikhi, na jina la Suleiman haliifanyi kuwa somo la dini. Huko Uturuki kwenyewe watu waligombana kwa ajili yake. Mwaka 2012 Recep Tayyip Erdoğan, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati ule, aliilaumu hadharani, akisema kwamba Sultani wanayemjua wao alipitisha miaka 30 juu ya farasi vitani. Mtu mzima aweza kuiangalia na kitabu cha tarikhi karibu yake. Mtoto asubiri.

Walakini liko kosa la upande wa pili, nalo si dogo. Kama mimi nilivyosifu nisichokiona, wako wanaolaani wasichokiona. Utotoni mwangu mzee mmoja wa mtaa wetu alikataza kanda ya filamu ya *The Message* isiingie nyumba yoyote, kwa kuwa alisikia kwamba humo Mtume ameigizwa. Filamu hiyo ilitolewa mwaka 1976 na Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo, naye aliitengeneza mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu. Mtume hakuoneshwa humo wala sauti yake haikusikika. Mwigizaji Anthony Quinn alikuwa mahali pa Hamza. Lakini uvumi ulikimbia mbele ya filamu. Mwezi Machi mwaka 1977, mjini Washington, kikundi cha watu wenye silaha kiliwateka watu zaidi ya 100, na katika madai yao mojawapo lilikuwa kwamba filamu hiyo isioneshwe. Mtu akafa katika mkasa ule. Naam, mwanachuoni aweza kuwa na hoja zake za dini dhidi ya filamu hiyo, nasi twamsikiliza. Lakini aseme yaliyomo, asiseme ya uvumi.

Tangu kisa kile, mimi na dada yangu tumeweka kawaida nyepesi, nami nawapendekezea wazazi wenzangu. Mtu akisifu au akilaumu filamu, tunamwuliza mambo matatu: Umeiona mwenyewe? Umeiona mpaka mwisho, au kipande? Na je, ungekaa nayo sebuleni pamoja na mama yako na mtoto wako? Asiyeiona na aseme "sijaiona", na neno hilo halimpunguzii mtu heshima.

Na ninyi vijana, msiachiwe nje ya mazungumzo haya. Kaka yake yule binti, kijana wa miaka 16, alituambia kwamba filamu nyingi za CD zilimchosha, maana mtu huendesha gari dakika tano bila ya neno, na sehemu ya pili ingeweza kumalizika ndani ya ya kwanza. Baba yake alitaka kumnyamazisha. Mimi nikasema aachwe, kwani yeye alikuwa ameangalia mpaka mwisho, na kati yetu sote hakuna mwingine aliyeweza kusema hivyo.

Juzi nilimpigia dada yangu simu, nikaanza kumsimulia filamu fulani inayosifiwa sana mjini kwetu. Mpwa wangu, ambaye sasa ni mkubwa na analala peke yake, alikuwa karibu na simu. Nikamsikia akisema kwa nyuma: "Mama, mwulize Mjomba kama ameiona mwenyewe."

Nilikuwa sijaiona. Nikasema hivyo.

Mwenyezi Mungu atulindie macho yetu, ndimi zetu na watoto wetu. Amin.