Bitana ya Ukuta

Ukuta wa nyuma wa sebule yangu hapa Morogoro unaelekea mlima wa Uluguru, na kila masika maji yateremkayo huupenya kwa chini. Mwaka huu doa lilipanda hadi usawa wa kiti, rangi ikibanduka kama magamba ya samaki. Washenga wa binti yetu wa mwisho walikuwa wamekwisha kutuarifu kwamba watafika mwezi Mei. Nikaona haya. Nikamwita fundi seremala, nikamwomba aweke mbao za urembo kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno kabla wageni hawajaja.

Fundi hakupima kitu. Aliikwangua plasta kwa ncha ya patasi, akanionesha unga mweupe wa chumvi.

"Mwalimu, ukuta huu bado unakunywa maji. Nikiufunika leo, wageni watafurahi. Mwakani mbao zitaoza kwa nyuma, nawe utanilaumu mimi."

Nikamwongezea bei. Akakataa. Nakiri kwamba nilikasirika. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimesimama mbele ya ubao, sikuzoea kukosolewa na mtu wa umri wa wanafunzi wangu.

Basi washenga wakapokewa mbele ya doa. Mzee wao alilitazama hata chai ikapoa, kisha akauliza mfereji wa nyuma ya nyumba una kina gani. Sikuwa na mfereji. Mahari ilizungumzwa baadaye.

Nikachimbisha mfereji, tukaibandua plasta iliyooza, tukauacha ukuta ukauke hadi kipupwe, mwezi Julai. Ndipo fundi aliporudi na mbao za mtiki wa Mtibwa. (Kamusi husema msaji. Nenda duka la mbao hapa mjini ukaulizie msaji, utarudi mikono mitupu.) Kwanza alifunga papi za kulala, zikaacha nafasi ya hewa kati ya ukuta na mbao, kisha akazisimamisha mbao juu yake, moja moja, kwa timazi. Ukuta wenyewe haukuwa wima. Mimi, mtu wa mizani, nilitaka mbao nane kulia na nane kushoto, zote upana mmoja. Fundi akauranda ubao wa mwisho ukawa mwembamba kuliko wenzake, akasema hapo litakaa kabati.

Alipoomba "skrubu", nilimsahihisha: parafujo. "Sawa, Mwalimu," akaendelea na kazi. Usiku nilijicheka. Parafujo ilitujia na Wareno, skrubu ikaja na Waingereza. Nami nilikuwa nikimtetea mgeni wa kwanza dhidi ya mgeni wa pili.

Jina la kazi yenyewe ndilo lililotushinda. Yeye aliiita wolpaneli. Mimi nilijaribu "pambo-ukuta", likanichusha mwenyewe. Mke wangu, aliyeshona nguo za watu miaka mingi, aliinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Si bitana hiyo? Tena bitana haishonwi kwenye nguo mbichi."

Fundi alicheka kuliko nilivyopenda. Siku ya malipo alishika kalamu juu ya kitabu chake cha risiti, akaniuliza aandike nini. Nikamwambia: bitana ya ukuta. Risiti ninayo hapa mezani. Ameandika "bitana ya ukuta", na chini yake, kwa herufi ndogo, "wolpaneli, skrubu 120".